Maji ya Kunywa: Nguvu za Mwili na Afya ya Ngozi

Kotile ni mji mdogo katika Kaunti ya Garissa, upande wa Ijara, ukingo wa mashariki wa Mto Tana. Mto huo, ulio mrefu kuliko yote ya Kenya, hukusanya maji yake katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, hupita katika mabwawa ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha huteremka polepole katika nchi kavu mpaka Bahari ya Hindi. Mwendo wake wote ni karibu kilometa 1,000. Mgeni auonaye aweza kudhani ya kwamba watu wa ukingoni hawajui kiu. Lakini sivyo. Mtu aweza kukaa mwendo wa nusu saa tu kutoka mto mkubwa, na bado akashinda kutwa nzima bila kunywa maji ya kumtosha.

Siku hizi umeenea ushauri wa kunywa maji mengi. Wakulima, makarani, wanafunzi na akina mama huambiwa ya kwamba anywaye bilauri nane kila siku atapata nguvu, na ngozi yake itang'aa. Katika maneno hayo mna kweli, na mna chuku. Yafaa kuyapepeta kama nafaka, punje ibaki na makapi yapeperuke. Maana huko Kotile kila bilauri ina gharama yake. Hapana budi kuna mtu aliyeifuata mtoni.

KAZI YA MAJI MWILINI

Zaidi ya nusu ya uzito wa mwanadamu ni maji. Mtu mzima mwenye kilo 60 anachukua ndani yake maji ya kadiri ya lita 36. Maji hayo ndiyo yachukuayo chakula katika damu, ndiyo yatoayo taka kwa njia ya mkojo, na ndiyo yapozayo mwili kwa njia ya jasho.

Kazi hii ya mwisho ndiyo kubwa katika nchi ya joto. Huko Garissa, katika miezi ya jua kali, joto la mchana mara nyingi hupita nyuzi 35. Hewa inapokuwa na joto kama la mwili, au zaidi, mwili hauna njia nyingine ya kujipoza isipokuwa jasho. Lita moja ya jasho, ikikauka juu ya ngozi, huondoa mwilini joto ambalo lingetosha kuchemsha karibu lita saba za maji ya mtungini. Hii ni kazi ya ajabu, lakini haifanyiki bure. Mtu alimaye juani aweza kutoa lita nzima ya jasho kwa saa moja, na pengine kupita hapo.

Wanyama wa nchi ile wamepewa namna nyingine. Ngamia aweza kupoteza maji yaliyo karibu na robo ya uzito wake, kisha akifika kisimani akanywa lita 100 kwa dakika chache. Hirola, yule mnyama adimu ambaye watu wa Hara, Korisa na Kotile wamemtengea hifadhi ya Ishaqbini tangu mwaka 2006, hupata sehemu kubwa ya maji yake katika majani, na aweza kukaa muda mrefu bila kwenda mtoni. Mwanadamu hana akiba ya namna hiyo. Akipoteza maji yaliyo sehemu moja katika kumi ya uzito wake, yuko karibu na mauti. Basi mchungaji na ngamia wake wapitapo njia moja chini ya jua moja, wasifikiri wana ahadi moja na kiu.

JE, MAJI HULETA NGUVU?

Kwa hakika maji hayana nguvu ndani yake kama zilivyo nguvu za ugali, mchele, samli au maziwa. Mtu mwenye njaa hata akinywa pipa zima hatapata nguvu ya kuinua jembe. Lakini upungufu wa maji huziiba nguvu ambazo mtu anazo tayari.

Jambo hilo hutokea hivi. Maji yakipungua, damu nayo hupungua wingi, na moyo hulazimika kupiga haraka zaidi ili kuitembeza. Jasho hupungua, na joto la mwili hupanda. Wataalamu waliopima watu kazini na michezoni wameona ya kwamba upungufu wa mbili kwa mia ya uzito wa mwili watosha kumfanya mtu achoke upesi na kupoteza uangalifu. Kwa mtu wa kilo 60, hiyo ni lita moja na robo hivi. Yaani jasho la saa moja na kitu la kulima. Mkulima aliyeingia shambani saa moja asubuhi bila kunywa kitu, aweza kufika hali hiyo kabla ya saa nne, akadhani ni uvivu au homa, kumbe ni kiu.

Karani naye asijidhani yu salama kwa sababu anakaa kivulini. Ofisi yenye paa la mabati ni kama tanuri saa nane za mchana. Wengi hushika kichwa, huandika tarakimu vibaya, hupiga miayo, kisha huagiza soda. Chupa ya soda ya mililita 300 aghalabu ina sukari ya vijiko vidogo saba au nane. Huburudisha kwa kitambo, lakini hunenepesha na kuozesha meno. Bilauri ya maji ingefanya kazi ile ile ya kukata kiu bila madhara hayo. Atafunaye miraa ana sababu zaidi ya kunywa maji, kwa kuwa majani yale hukausha kinywa, hufunga choo, na huondoa hamu ya kula, na pamoja na chakula huondoka maji yaliyomo ndani yake.

BILAURI NANE ZILITOKA WAPI?

Hesabu hii haikuandikwa mwilini mwa mwanadamu. Mwaka 1945 Baraza la Chakula na Lishe la Marekani lilitaja ya kwamba mtu mzima yampasa kupata lita mbili na nusu za maji kwa siku. Lakini likaongeza ya kwamba sehemu kubwa ya maji hayo imo tayari katika vyakula. Watu wengi walikumbuka neno la kwanza, wakasahau la pili.

Mwaka 2010 wakuu wa usalama wa chakula katika Ulaya walitoa hesabu yao: lita mbili kwa siku kwa mwanamke, na mbili na nusu kwa mwanamume, maji ya vyakula yakiwa ndani ya hesabu. Mama mwenye mimba aongeze kiasi kidogo, na mama anyonyeshaye aongeze karibu robo tatu za lita. Hesabu hiyo ni ya watu wa nchi zenye baridi wafanyao kazi ya wastani. Mtu wa Kotile alimaye, achungaye mifugo au achotaye maji juani, atahitaji zaidi, pengine mara mbili, kwa kadiri ya jasho lake.

Maji hayo si lazima yote yatoke mtungini. Chai huhesabiwa, kwa kuwa maji iingizayo mwilini ni mengi kuliko yale ihimizayo kutoka. Maziwa ya ngamia na ya ng'ombe huhesabiwa, maana katika kila sehemu kumi za maziwa karibu tisa ni maji. Uji, mchuzi, maembe na matikiti ya mashamba ya kandokando ya Tana, vyote huhesabiwa. Wasomali huombeana amani na maziwa. Na aliye na maziwa ya kutosha, amekwisha pata chakula na kinywaji pamoja.

Basi mtu atajuaje kama amekunywa vya kutosha? Kiu ni mjumbe mwema kwa kijana mzima wa afya. Lakini mjumbe huyo huchelewa kwa wazee, na watoto wadogo hawajui kumtafsiri. Kipimo kingine ambacho hakina gharama ni mkojo. Ukiwa na rangi hafifu kama maji yaliyokamuliwa ndimu, mambo ni mema. Ukiwa mchache na wenye rangi nzito kama chai isiyo maziwa, mwili unaomba maji. Mtu akawiaye katika hali hiyo mwaka hata mwaka hujitafutia mawe ya figo, ugonjwa ambao huwapata sana watu wa nchi za joto, na maumivu yake hayasahauliki.

Hata hivyo, maji nayo yana mpaka. Figo za mtu mzima haziwezi kutoa zaidi ya lita moja hivi kwa saa. Anywaye kupita hapo kwa saa nyingi huizimua chumvi ya damu yake, akapata kichefuchefu, kichwa kizito, hata kifafa. Mwaka 2002, katika mbio ndefu za Boston huko Marekani, wakimbiaji 488 walipimwa damu baada ya kumaliza, na 13 katika kila mia walikutwa na upungufu wa chumvi. Wengi wao walikuwa wamekunywa kuliko walivyotoa jasho. Kwa hiyo mkulima na anywe kidogo kidogo, bilauri moja kila dakika ishirini au thelathini wakati wa kazi ngumu, na chakula chake cha mchana kiwe na chumvi ya kiasi.

KUHUSU NGOZI

Hapa ndipo makapi yalipo mengi. Sehemu ya juu kabisa ya ngozi ni tabaka jembamba la chembe zilizokwisha kufa, zimepangwa kama makuti ya paa. Unyevu wake huhifadhiwa na mafuta ambayo mwili wenyewe huyatengeneza. Upepo mkavu, jua, na sabuni kali huyaondoa mafuta hayo, na ngozi hupauka na kupasuka. Mtu mwenye maji ya kutosha mwilini akiongeza bilauri nne juu yake, maji yale hayapandi usoni. Figo huyatoa kwa saa chache. Hakuna ushahidi ulio thabiti wa kuonyesha ya kwamba maji ya ziada hufuta mikunjo au kung'arisha uso wa mtu ambaye hana upungufu.

Lakini upungufu mkubwa huonekana katika ngozi bila shaka yoyote. Mtoto aharaye sana, ngozi ya tumbo lake ikifinywa kwa vidole viwili na kuachwa, hurudi polepole badala ya kurudi mara moja. Macho yake huingia ndani, na machozi hukauka. Mama aonaye dalili hizo asitafute mafuta ya kupaka. Ampeleke mtoto kwenye kituo cha afya upesi, na njiani ampe maji yenye chumvi na sukari kidogo kidogo. Asiye na pakiti ya dawa hiyo aweza kuichanganya mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu. Asizidishe chumvi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, mganga Dilip Mahalanabis aliwapa wakimbizi wenye kipindupindu mchanganyiko wa namna hii katika kambi, na vifo vikapungua sana. Tangu hapo mchanganyiko huo umeokoa mamilioni ya watoto duniani.

Kwa ngozi iliyopauka tu, dawa hutoka nje, wala si ndani. Kupaka mafuta ya nazi, ya ufuta, au samli mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, huzuia maji yasipotee. Akina mama wa Kisomali tangu zamani husafisha nyuso zao kwa unga wa majani ya mkunazi, uitwao qasil, ambao si mkali kama sabuni nyingi. Kofia, kilemba, mtandio na kivuli cha mti hulinda kuliko chupa nyingi za dukani. Na krimu za kubadili rangi zafaa ziogopwe: nyingine zina zebaki, nayo huharibu ngozi yenyewe na figo pia.

MTUNGI MMOJA KATI YA MINANE

Shirika la Afya Duniani hukadiria ya kwamba mtu ahitaji karibu lita 20 za maji kwa siku kwa mahitaji ya lazima ya kunywa, kupika na usafi. Tuseme nyumba ina watu wazima wanne na watoto wanne. Hao wahitaji lita 160, yaani mitungi minane ya plastiki ya lita ishirini ishirini. Kila mtungi uliojaa una uzito wa kilo 20, na aghalabu mchukuzi wake ni mwanamke au msichana.

Katika mitungi hiyo minane, maji ya kunywa ni mtungi mmoja tu hivi: lita tatu tatu kwa watu wazima, na lita moja na nusu kwa kila mtoto, jumla lita 18. Kwa hiyo hata siku ambayo maji ni haba, kunywa kusiwe ndiyo matumizi ya kwanza kupunguzwa. Mtungi wa kunywa na utengwe kabla ya mingine yote.

Tena, mitungi ile saba iliyobaki ndiyo yenye faida kubwa kwa ngozi. Upele husitawi mahali pasipo maji ya kutosha ya kuoga na kufulia nguo na mablanketi, ingawa mwenye upele yampasa kupata dawa pamoja na watu wote wa nyumba yake. Trakoma, ugonjwa wa macho upofushao, huenea kwa nzi na kwa nyuso za watoto zisizonawishwa. Mtu aulizaye maji yatamfanyia nini ngozi yake, jibu la kwanza ni hilo: yataiosha.

MAJI YA TANA YAPASWA KUTENGENEZWA

Kuwaambia watu wanywe zaidi bila kuwaambia wanywe maji gani ni kosa. Maji ya Tana huwa na udongo mwingi, na mifugo, viboko na watu hushiriki ukingo mmoja. Baada ya misimu mitano ya mvua kukosekana mfululizo kutoka mwaka 2020 hata 2022, mabwawa ya kuchimbwa yalikauka katika sehemu nyingi za kaskazini na mashariki ya Kenya. Kisha yakaja mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023, na tena ya Aprili na Mei 2024, mto ukafurika na kuingia mashambani na katika vyoo. Kipindupindu kilichoanza Kenya mwezi wa Oktoba 2022 kiliifikia Kaunti ya Garissa pia. Katika ukame na katika mafuriko, adui ni yule yule: maji machafu.

Njia za kuyatengeneza si ngumu. Kwanza yatuame usiku kucha, kisha yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Shabu, ikizungushwa kidogo majini, hushusha udongo chini. Unga wa mbegu za mlonge hufanya vivyo hivyo, na wanawake wa bonde la Naili huko Sudan wameutumia tangu zamani. Lakini maji meupe si lazima yawe salama. Yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika moja nzima, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa na kungojewa nusu saa. Asiye na kuni wala dawa aweza kutia maji yaliyokwisha kuwa maangavu katika chupa nyeupe ya plastiki isiyozidi lita mbili, na kuilaza juani saa sita. Kukiwa na mawingu, siku mbili. Jua la Kotile, ambalo hukausha watu, hapa hugeuka kuwa msaidizi.

Maji yakiisha kusafishwa, yakae katika chombo chenye kifuniko, na yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu, si kwa kikombe kilichoshikwa na kila mkono.

NANI HUNYWA WA MWISHO?

Desturi njema ya kumtanguliza mgeni, mzee na mtoto haifai kuvunjwa. Lakini ina jambo moja la kuangaliwa. Katika nyumba nyingi mama achotaye maji ndiye anywaye wa mwisho, na mara nyingine hakubakiwa na kitu. Tena kuna wanawake na wasichana ambao hujizuia kunywa kwa makusudi, kwa sababu hakuna choo cha siri karibu, nao hungoja giza. Wasichana wa shule hufanya hivyo hivyo mahali vyoo vilipo vibaya. Kujizuia huko huleta kuumwa kichwa, kushindwa kufuata masomo, na ugonjwa wa njia ya mkojo. Kwa hiyo baba achimbaye choo chenye mlango amewapa watu wake maji ya kunywa, hata kama hakugusa mtungi.

Katika mwezi wa Ramadhani, ambao wakazi walio wengi wa Kotile hufunga, hesabu hubadilika. Huko, karibu na Ikweta, saa za kufunga ni kumi na tatu na nusu hivi. Anayefunga na agawe maji yake tangu magharibi mpaka daku, badala ya kunywa yote kwa mara moja, kwa maana figo zitayatupa. Uji, maziwa, tende na matunda humfaa kuliko vyakula vya chumvi nyingi. Kazi nzito ya shamba ifanywe alfajiri au jioni. Na mgonjwa, mwenye mimba au anyonyeshaye anayo ruhusa katika dini yenyewe, asiione haya kuitumia.

Basi kila mwenye nyumba na aanze na mambo manne. Atenge mtungi wa kunywa, autengeneze maji yake, na aufunike. Aendaye shambani au machungani achukue chupa ya lita mbili, wala asirudi nayo imejaa. Karani aweke bilauri juu ya meza yake mahali aionapo. Na jioni, watu wakiisha kuketi, mtu mmoja na aulize kama yule aliyekwenda mtoni leo amekwisha kunywa.